JUMBA REFU NI LA NANI?

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa mafundi wa ujenzi, wanafunzi na wananchi wengine. Wengi waliokosa nafasi ya kuketi wameomba yapigwe chapa, nasi twayatoa hapa kama yalivyosemwa.



Kabla hatujasema neno lolote, twamwomba kila aliye na noti ya Kenya aitoe mfukoni na kuitazama. Ikiwa ni noti zile zilizotolewa mwaka 2019, basi haidhuru ni ya shilingi 50 au ya 1,000. Usoni mwake mtaona jumba lile lile. Ni jumba refu lililokaribia kuwa mviringo, na ubavuni mwake pana paa lililochongoka kama la nyumba ya msonge. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu mmoja kuwekwa katika fedha za nchi. Viongozi walipotafuta kitu cha kuweka mahali pa sura ya mtu, wakachagua jumba. Hata hivyo mbele ya jumba hilo ilionekana sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, nayo ikaleta kesi mahakamani. Mahakama ikaamua mwaka huo huo wa 2019 kwamba noti zitumike.

Jumba hilo ndilo Jumba la Mikutano la Kenyatta lililoko Nairobi, ambalo wengi hulitaja kwa herufi nne tu, KICC. Tumeombwa tuzungumze juu ya namna lilivyopangwa na kuchorwa. Tumekubali kwa furaha, kwa sababu kazi ya kupanga jumba kubwa si kazi ya kalamu na rula peke yake. Ndani yake mna swali ambalo sisi tulio katika vyama na wananchi wote hatuna budi kulijibu: jumba kubwa likisha kusimama, ni la nani?

Tuanze na ardhi yenyewe, maana hakuna jumba lisilo na kiwanja.

Nairobi haikuanza kama mji wa wananchi. Ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Uganda. Watu waliopanga mitaa yake waliipanga kwa rangi: hapa Mzungu, pale Mhindi, na Mwafrika mbali kabisa, tena kwa kibali. Mwaka 1948 ukatolewa mpango mkubwa wa mji, na jina lake lilisema wazi kwamba ni mpango wa makao makuu ya koloni. Katikati ya mji yakajengwa majumba ya utawala: Bunge, Mahakama, Ofisi za Manispaa. Mwafrika aliyepita hapo alipita akiwa tarishi, mfagiaji au mshtakiwa. Wazee waliokuwa vijana siku hizo wanajua ilikuwaje kuulizwa kipande barabarani kabla ya kuulizwa habari za asubuhi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, lakini majumba hayakubadilika. Mtu aliyesimama katikati ya Nairobi mwaka 1964 na kutazama pande zote nne aliona mawe yaliyopangwa na serikali iliyokwisha kuondoka. Ndiyo maana haja ya jumba jipya haikuwa haja ya vyumba tu. Ilikuwa haja ya kusema kwa zege, katika kiwanja kile kile kilicho karibu na Bunge na Mahakama, kwamba wenyeji wamefika.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi ombi lilivyotolewa, maana hapa ndipo mbegu ya mambo yote ilipopandwa. Aliyeomba jumba alikuwa ni chama. KANU, chama kilichokuwa kikitawala, kilitaka makao yake makuu. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa mkuu wa chama. Na waliopewa kazi ya kuchora hawakuwa watu walioajiriwa na chama, bali walikuwa wachoraji wa serikali katika Wizara ya Ujenzi. Chama kiliomba, wizara ikachora. Siku zile hapakuwa na mtu aliyeona ajabu. Chama na serikali vilikuwa kama mkono wa kulia na mkono wa kushoto wa mtu mmoja, na nani ashughulike kuandika kwamba kidole hiki ni cha mkono huu?

Wachoraji wawili ndio wanaotajwa. Wa kwanza ni Bwana Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, aliyefika Kenya mwaka 1965 katika mpango wa msaada wa Norway wa kuleta wataalamu. Wa pili ni Bwana David Mutiso, Mkenya, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa nchi hiyo kuhitimu kazi ya kusanifu majengo, ambaye alikuwa msanifu mkuu katika wizara hiyo. Twapenda mjue majina yote mawili. Kuna watu wakisimulia habari za jumba hili humtaja mgeni peke yake, kana kwamba mwenyeji alikuwa akishika kamba tu. Na kuna wengine, kwa kujivuna, humtaja mwenyeji peke yake na kumficha mgeni. Njia zote mbili ni za uwongo. Mgeni alileta ujuzi wake, na mwenyeji alikuwa mkubwa wa ofisi iliyobeba kazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asipokuwapo nyumbani, mgeni atampa nani dawa?

Labda mtu atauliza: kupanga jumba maana yake nini? Si kuchora picha nzuri tu?

Hapana. Picha nzuri huja baadaye. Mpangaji mwema huanza kwa kuuliza: Nani atakaa humu? Wangapi? Wataingia kwa mlango gani na kutoka kwa mlango gani? Jua latoka wapi na mvua yapiga upande gani? Udongo wa chini una nguvu kiasi gani? Maji yatapanda vipi hadi ghorofa ya juu, na taka zitashuka vipi? Umeme ukikatika, mzee aliye ghorofa ya 20 atashukaje? Jumba refu, ndugu zangu, hupangwa kutoka ndani kuja nje. Kwanza huwekwa uti wa mgongo, yaani lifti, ngazi, mabomba na nyaya, kisha sakafu hulizunguka kama nyama juu ya mfupa. Mkosea uti wa mgongo hawezi kusaidiwa na rangi.

Na maswali hayo yakibadilika, jumba nalo hubadilika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Nairobi. Wazo la kwanza lilikuwa ofisi za chama na mahali pa kukutana, jambo la kiasi. Ujenzi ulianza mwaka 1967. Lakini kazi ikiwa bado yaendelea, ikajulikana kwamba Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa vitafanya mkutano wao wa mwaka 1973 mjini Nairobi. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanywa katika bara la Afrika. Maelfu ya wajumbe wangekuja, na mji haukuwa na ukumbi wa kuwaketisha. Basi mpango ukapanuliwa. Ofisi za chama zikawa jumba la mikutano ya dunia nzima, lenye mnara wa ghorofa 28 unaokaribia mita 105 kwenda juu, ukumbi mkubwa wa kuchukua watu maelfu, na ukumbi mwingine wa duara chini ya paa la msonge.

Twawaomba wanafunzi wa ujenzi wayaandike hayo katika madaftari yao. Jumba likianza na shabaha moja na kumalizika na shabaha nyingine, kila kitu lazima kiulizwe upya: fedha zinatoka wapi, atakayelitunza ni nani, na hati itaandikwa jina gani. Wachoraji wa Nairobi walijibu sehemu yao ya maswali kwa ufundi mkubwa. Waliotakiwa kujibu sehemu nyingine hawakujibu, kama tutakavyoona.

Natusifu kwanza yanayostahili sifa.

Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini ya ikweta. Jua la hapo halina adabu ya kukaa upande mmoja wa nyumba mwaka mzima kama jua la Ulaya. Miezi fulani hupita upande wa kaskazini, na miezi mingine upande wa kusini. Asubuhi huchoma mashariki, na jioni huchoma magharibi. Mtu akichukua sanduku la vioo la Ulaya na kulisimamisha hapo, atakuwa amejenga tanuri, kisha atalipa umeme mchana kutwa kulipoza. Wachoraji wa jumba hili hawakufanya hivyo. Mnara waliuzungushia mbavu za zege zilizosimama, ili madirisha yakae kivulini. Zege lenyewe walilitia rangi ya udongo wa mfinyanzi, rangi ya chungu na ya njia ya kijijini baada ya mvua, na uso wake haukuachwa laini bali ulichongwa ukawa wa kuparuza. Mvua na vumbi vikiugusa uso wa namna hiyo haviufanyi uchakavu kwa upesi kama vinavyofanya katika ukuta mweupe.

Kisha kuna ule ukumbi wa duara. Watu hawakubaliani juu ya umbo lake. Wengine waona ua lililofumba. Wengine waona nyumba ya msonge ya mababu. Sisi twasema kila mmoja aone analoliona, lakini hakuna Mwafrika wa vijiji vya bara atakayetazama paa lile na kujiona mgeni. Tena ukumbi ule wa chini na mnara ule wa juu vimewekwa pamoja kwa makusudi. Mnara peke yake ungekuwa mrefu tu, kama mlingoti. Ukumbi peke yake ungekuwa mfupi tu, ukamezwa na majumba mengine. Vikikaa pamoja juu ya jukwaa moja la zege, kimoja chaonyesha ukubwa wa mwenzake. Na mbele yake uliachwa uwanja wa wazi, wenye maji na sanamu, mahali ambapo mtu asiye na miadi na mkubwa yeyote aweza kusimama na kutazama. Uwanja ule ni sehemu ya ramani kama ukuta ulivyo sehemu ya ramani. Mchoraji asiyeacha mahali pa mtu wa kawaida kusimama, amekwisha kumwambia mtu huyo aende zake.

Jumba likafunguliwa rasmi na Mzee Kenyatta mwezi wa Septemba 1973. Ilikuwa miaka sita tangu kuanza kazi. Na twataka kusema jambo juu ya waliolijenga. Majina ya wachoraji tumeyataja. Lakini zege halijichanganyi, na nondo hazijifungi. Kila mita ya mnara ule ilipandishwa na watu waliokuja alfajiri kwa miguu kutoka mitaa ya mashariki ya mji, wakapanda jukwaa za mbao, wakashuka magharibi wakiwa weupe kwa vumbi la saruji. Majina yao hayaimbwi. Basi ninyi mafundi mlio hapa, mkipita Nairobi na kuutazama mnara ule, jueni kwamba mnatazama kazi ya wenzenu.

Mwezi huo huo wa Septemba wageni wa Benki ya Dunia wakaingia. Mkuu wa Benki siku hizo, Bwana Robert McNamara, akatoa hotuba ambayo mpaka leo hutajwa. Hakuzungumza habari za minara. Alizungumza habari za maskini wa mashambani. Alisema kwamba watu wapatao asilimia 40 katika nchi zinazoendelea wanaishi katika umaskini usiofaa hata kuitwa maisha ya binadamu, na akataka mazao ya wakulima wadogo yafikie kuongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka ifikapo mwaka 1985. Hebu fikirini, ndugu zangu. Jumba jipya kabisa, viti vipya, taa mpya, na ndani yake mambo yanayosemwa ni ya mtu aliyeko mbali na jembe lake, asiyejua kama mkutano upo.

Kuna watakaosema: basi hiyo ndiyo hoja yenyewe! Fedha za jumba zingepelekwa kwa mkulima. Hoja hii twaijua, na hatuidharau. Mwananchi ambaye shule ya mtoto wake haina paa ana haki ya kuuliza kwa nini serikali yajenga ghorofa 28. Jibu letu ni hili. Nchi yaweza kuwa na haja ya nyumba kubwa ya kukutania, kama kijiji kinavyohitaji baraza. Jumba hili limefanya kazi. Mwaka 1973 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilianzia ofisi zake ndani yake, na hilo likawa shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuwa na makao yake makuu katika nchi ya Afrika ya namna yetu. Mwaka 1976 mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo ulikaa humo. Mwaka 1985 wanawake wa dunia walikutana Nairobi katika mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa, na jumba hili ndilo lililowapokea. Mwaka 2015 mawaziri wa biashara wa dunia wakaketi humo na kukubaliana kuondoa ruzuku za mazao yanayouzwa nje. Mwaka 2023 ulifanyika humo mkutano wa Afrika juu ya hali ya hewa. Mikutano hiyo ililipa hoteli, teksi, wapishi na wafasiri. Kwa hiyo hatusemi kwamba kujenga kulikuwa kosa.

Twasema kwamba mwenye kutoa fedha lazima awe ndiye mwenye nyumba. Hapo ndipo palipoharibika.

Mnakumbuka tulisema kwamba chama kiliomba na wizara ikachora. Basi jumba liliposimama, swali lile halikuulizwa. Chama kilikaa humo ofisi zake, na miaka ikapita. Nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, na ikawa vigumu zaidi kwa mtu kuuliza mpaka kati ya chama na serikali uko wapi. Mwaka 1991 sheria hiyo ikaondolewa, vyama vingine vikarudi, lakini KANU kikaendelea kulihesabu jumba kuwa mali yake. Sasa swali lililokuwa la makaratasi likawa la haki. Kama chama kimoja katika vyama vingi chamiliki jumba lililoinuliwa kwa fedha za kodi, je, mwananchi wa chama kingine, au asiye na chama, hakulipa kodi?

Mwishoni mwa mwaka 2002 KANU kilishindwa katika uchaguzi. Mwezi wa Februari 2003 serikali mpya ikalichukua jumba, ikisema kwamba lilijengwa kwa fedha za umma na ni mali ya umma. Baadaye likawekwa chini ya shirika la serikali. Tangu jumba kufunguliwa hadi siku ile ilikuwa imepita miaka karibu 30. Miaka 30, ndugu zangu, ya kujibu swali ambalo lingejibiwa kwa mstari mmoja wa wino mwaka 1967!

Twasema maneno haya tukiwa watu wa chama, na kuyasema kwetu si rahisi. Kila chama kinachotawala hujaribiwa hivyo. Viongozi huona kwamba chama ndicho kilichopigania uhuru, kwa hiyo mali ya uhuru ni mali ya chama. Wakianza kufikiri hivyo, watakuwa wamesahau kwamba hakuna chama kilichopigania uhuru ili kipate jumba. Kilipigania ili mwananchi apate nchi. Chama kikitaka makao, na kichange kwa wanachama wake shilingi kwa shilingi, kinunue kiwanja chake, na kijenge kwa kadiri ya mfuko wake, hata kama ni chumba kimoja cha mabati. Chumba hicho hakuna serikali itakayokuja kukichukua.

Tena tusidhani kwamba jumba likisha rudi kwa umma kazi imekwisha. Mwezi wa Desemba 2007 kura za urais za Kenya zilijumlishwa katika jumba hili hili. Taifa zima lilikuwa likisubiri neno kutoka humo. Neno lilipotoka halikuaminiwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,000 na kuwafukuza mamia ya maelfu kutoka makwao. Zege lilikuwa lile lile, imara kama siku ya kwanza. Nguzo hazikupata ufa. Ufa ulikuwa katika imani ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa aina hiyo haujengwi kwa saruji.

Kabla hatujamaliza, twapenda kuwapeleka kidogo mbali, maana mwaka ule ule wa 1973, mwezi wa Aprili, huko New York, Marekani, ilizinduliwa minara miwili ya World Trade Center iliyochorwa na Bwana Minoru Yamasaki. Kila mnara ulikuwa na ghorofa 110. Ili kupata kiwanja, mtaa mzima wa wauza redio na vyombo vya umeme, ulioitwa Radio Row, uliondolewa, na wenye maduka walipinga mpaka mahakamani wakashindwa. Ili kupata nafasi kubwa ya kupangisha, ngazi tatu za kila mnara ziliwekwa karibu karibu katikati, pamoja na lifti. Ramani ile ilisifiwa kwa ujuzi wake. Lakini ndege zilipoigonga minara hiyo tarehe 11 Septemba 2001, katika mnara wa kaskazini ngazi zote tatu zilikatika kwa pigo moja, na watu waliokuwa juu ya mahali pale hawakupata njia ya kushuka. Hata mmoja wao hakupona.

Nasi Afrika Mashariki hatuwezi kusoma habari hiyo kama ya watu wengine. Tarehe 7 Agosti 1998 watu wa kundi hilo hilo walilipua mabomu Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa zaidi ya watu 200, na wengi wao hawakuwa na habari yoyote na ugomvi ule. Walikuwa kazini, au darasani, au wakipita njia. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote. Kwa hiyo mchoraji akibishana na mwenye fedha juu ya ngazi ya pili, au mlango wa tatu, au nguzo nene zaidi, msimwone kuwa msumbufu. Anabishana kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa bado, atakayekuwa ghorofa ya juu siku ya moshi.

Basi tukusanye maneno yetu. Leo minara inaota katika miji yetu kama uyoga. Nairobi ina majumba yaliyokwisha kulipita jumba hili kwa urefu, na Dar es Salaam nayo yazidi kupanda juu. Twawapa maswali manne, na twataka kila mwananchi ayaulize kwa sauti wakati ramani bado iko mezani, maana zege likisha kukauka halisikii.

La kwanza: kiwanja hiki kilikuwa cha nani, na waliokuwapo wamekwenda wapi?

La pili: fedha ni za nani, na hati itaandikwa jina la nani? Asiyejibu swali hili leo, watoto wake watalijibu kwa kugombana.

La tatu: limechorwa kwa jua letu na mvua yetu, au limenunuliwa likiwa limekwisha kukatwa kwa mwili wa mtu mwingine? Na vijana wetu waliosomea kazi hiyo, wamepewa kiti mezani au wamepewa kamba kushika?

La nne: siku ya hatari, mfagiaji wa ghorofa ya juu kabisa atatoka kwa njia gani?

Huenda mtaambiwa kwamba maswali haya ni ya watu wasiopenda maendeleo. Msikubali. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, lakini nyumba ya umma sote twalala ndani, hata yule ambaye hajawahi kuvuka kizingiti chake, kwa kuwa deni lake amelilipa na noti yenye picha yake anayo mfukoni. Mwenye nyumba akiuliza habari za nyumba yake hafanyi ukaidi.

Wachoraji wa Jumba la Kenyatta walifanya kazi njema, nasi twawashukuru. Walitupa mnara wenye kivuli, ukumbi wenye sura ya kwetu, na uwanja wa kusimama. Yaliyokosekana hayakuwa yao kuyatia katika ramani. Yalikuwa yetu.

Uhuru na kazi.